Mistari Hamsini ya Prof Adalbert

Mimi sijui kusimulia polepole. Hapa mtaa wa Kasha kila mtu ananijua: Maman Clémence, yule mshonaji wa karibu na bomba la maji, mdomo wake unakimbia kuliko mashine yake. Sawa, sikatai. Lakini kuna wiki tano za maisha yangu ambazo mdomo huu ulinyamaza, na kwa kunyamaza kwake mtoto wa watu alikuwa karibu kuachishwa masomo. Hizo ndizo wiki ninazotaka kuzisema.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili, mji uko mikononi mwa waasi. Bwana yangu, Adalbert, alikuwa profesa wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari huku Bagira. Mtu mpole, mwembamba, anayepiga pasi shati lake hata siku ambayo nyumbani hakuna chumvi. Kwake yeye, sentensi ikikaa vizuri basi ni ya kweli. Sasa, Prof Lucien aliyefundisha hesabu alikwenda kumzika mama yake kule Mwenga, na barabara ikafungwa nyuma yake. Tukamngoja mwezi wa kwanza, tukamngoja wa pili. Mwezi wa tatu préfet, yaani mkuu wa shule, muzee Apollinaire, akamwita bwana yangu ofisini.

“Prof Adalbert, weye utakamata jeometri ya mwaka wa pili.”

“Monsieur le Préfet, mimi niko mutu wa Kifaransa.”

“Na jeometri inaandikwaka mu Kifaransa.”

Mambo yakaishia hapo. Na mwaka wa pili si wa mchezo. Mwisho wake kuna test ya orientation, maswali yake yanatoka nje ya shule, yamefungwa, na hiyo test ndiyo inayosema nani anaendelea na masomo na nani anarudi kwao.

Kitabu cha jeometri tulikuwa nacho, kimoja cha zamani. Lakini kilikuwa na shimo katikati, na shimo hilo nililichimba mimi. Mwaka wa tisini na sita tulipokimbia mji kwa miguu, Bintu wetu alikuwa bado ananyonya. Mvua inanyesha, kuni mbichi, mtoto analia njaa. Nikaingiza mkono kwenye mzigo wa vitabu vya baba yake, nikararua kurasa za kwanza kushikika, kurasa kumi na nne, nikawasha moto wa uji. Ningerarua tena hata leo. Bintu alikunywa uji ule akalala.

Basi kila mchana akitoka shule, Adalbert alikuwa anakaa mbele ya mashine yangu na kile kitabu, anajifunza leo atakachofundisha kesho. Na kwa kuwa mtu hawezi kujifundisha peke yake, mwanafunzi nikawa mimi.

“Point,” anasema, “haina urefu, haina upana, haina unene.”

“Sawa na mushahara yako.”

“Maman Bintu, sikiliza. Droite, ule mustari wa kunyooka, haina mwanzo, haina mwisho.”

“Sawa na hii vita.”

“Segment iko na mwanzo na iko na mwisho.”

“Aah, hiyo njo tunaomba Mungu.”

Alicheka, jamani. Tangu vita ianze sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti. Nami nilikuwa nafurahi kuliko yeye, maana nilitoka shule katika huo huo mwaka wa pili, siku baba yangu alipofariki, na sikuwahi kudhani kwamba mambo yale yangenifuata mpaka kwenye mashine. Tulijifunza angle, yaani pembe: pembe kali, pembe mraba, pembe butu. Tulijifunza kwamba mistari miwili ikikatana inafanya pembe nne, na zile zinazotazamana ziko sawa. Hapo alikwama, anasoma sentensi mara tatu haimwingii. Nikamwonyesha mkasi wangu. Ukiufungua mbele kidogo, nyuma nako unafunguka kidogo. Ukiupanua mbele, nyuma unapanuka vilevile. Akaunyakua mkononi mwangu, akaufungua na kuufunga kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea. Kesho yake akaubeba shuleni, na mimi nikakaa asubuhi nzima na pagne, vitambaa vya watu, bila mkasi. Nilimfokea, lakini si sana.

Halafu tukafika kwenye mistari sambamba, ile ambayo hata ukiipeleka Kinshasa haikutani. Mstari wa tatu ukipita ukaikata yote miwili, unaitwa sekante. Kitabu kilisema pembe za ndani zinazopishana, moja upande huu wa sekante na nyingine upande ule, ziko sawa. Vizuri. Halafu kikasema: sasa tuangalie pembe za ndani za upande mmoja. Ukifunua ukurasa, unakuta hesabu ya duara. Moto wa uji ulikuwa umepita hapo.

“Si kitu,” akasema Adalbert. “Nitachora, nitaona mwenyewe.”

Lakini angechora na nini? Chombo cha kupimia pembe hakikuwepo shule nzima. Alikuwa na ekere moja ya mbao, kona tatu, fundi mmoja aliikata kwenye ubao wa kasha. Na ekere inajua pembe moja tu, pembe mraba. Kila sekante aliyoichora ilisimama wima kama nguzo ya nyumba, na pembe zote zikatoka mraba, za juu na za chini. Bila shaka zilikuwa sawa! Akachora mara ya pili, ya tatu, akanigeukia uso unang'aa. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: pembe za ndani za upande mmoja ziko sawa.

“Iko namna gani?”

“Iko bien,” nikasema. Na nilisema kweli, siku hiyo sikujua.

Kesho yake wanafunzi arobaini na mmoja wakaiandika kwenye kaye, madaftari yao.

Wiki haikupita, chorale, ile kwaya ya parokia, ikaniletea pagne ya kushona libaya, yaani blauzi, kumi na sita. Pagne ya mistari, kijani na njano, mistari sambamba kutoka pindo mpaka pindo. Kola ya libaya haikatwi sawa na uzi, inakatwa mshazari, ndiyo inakubali kuzunguka shingo. Nikakata. Kipande kikaanguka juu ya meza, nami nikakiangalia kama mtu anavyoangalia barua iliyoandikwa jina lake. Mistari miwili ya pagne, sambamba. Mkato wa mkasi wangu, sekante. Na zile kona mbili za ndani, upande mmoja: ya juu pana, ya chini imebanwa kabisa. Sawa? Hata kipofu angesema hapana. Nikazikata zile kona mbili, nikaziweka ncha kwa ncha, nikasogeza rula chini yake. Zikalala juu ya rula pamoja, hakuna nafasi, hakuna kuzidi. Nikakata mshazari mwingine, mkali zaidi. Rula ikasema vilevile. Haziko sawa, lakini zikiungana zinafanya mstari ulionyooka, yaani degre mia moja na themanini.

Nilipiga kigelegele peke yangu. Naapa. Halafu nikakumbuka wale watoto arobaini na mmoja.

Sasa utaniuliza, Maman Clémence, weye na mdomo wako, ulingoja nini? Nilingoja ujinga. Mama yangu aliniambia kabla sijaolewa: bwana yako akivaa shati ndani nje, mwambie mkiwa nyumbani, lakini akili yake ikivaa ndani nje, funga mdomo, itajigeuza yenyewe. Kwetu mke hamsahihishi bwana katika kazi yake. Tena ningemwambia nini? Kwamba kurasa nimechoma mimi, na kosa nimeliona mimi, mshonaji wa mwaka wa pili? Na kuna hili pia, niseme wazi: Adalbert alikuwa amerudi kutembea kichwa juu. Watoto walikuwa wanamwita Prof Angle njiani, naye anafurahi. Nilimpenda akiwa vile. Nikavifunga vile vipande vya pagne ndani ya mkebe wa vifungo, nikajiambia ataona mwenyewe.

Hakuona. Kila asubuhi anapita mlangoni na ekere yake kwapani, na mimi namwambia, “Kazi njema, Papa Bintu.”

Ilikuwa siku ya Alhamisi, test iko Jumatatu. Nilikuwa natafuta karatasi ya kukatia mfano wa mkono wa nguo. Mshonaji aliyeolewa na mwalimu hanunui karatasi. Anagundisha makaratasi ya interro, majaribio ya darasani ya zamani, anakata juu yake. Nimeshaweka mkasi, nikaona sifuri nyekundu, kubwa. Jina: Larissa. Swali lilikuwa: mistari miwili sambamba, sekante, pembe moja ya ndani ina degre sabini, ile ya pili ya upande huohuo ina ngapi? Na yule mtoto ameandika: mia moja na kumi. Chini yake, kwa herufi ndogondogo: nilikunja karatasi, nikaona. Bwana yangu ameandika kando kwa wino mwekundu: Mchoro hauhakikishi kitu. Utaandika kanuni mara hamsini.

Nikaacha mkasi. Sabini na mia moja na kumi, mia moja na themanini. Mtoto amesema kweli akapewa sifuri, na kweli hiyo ilikuwa imelala ndani ya mkebe wangu wa vifungo.

Adalbert aliporudi nilimwacha ale kwanza, bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, maana habari mbaya haingii vizuri kwenye tumbo tupu. Halafu nikauliza kama mtu asiye na haja.

“Larissa iko namna gani mu masomo?”

“Larissa gani? Ule wa Nyantende? Alikuwa anakaa kwa mujomba yake hapa Bagira. Hajaonekana wiki mbili sasa. Banasema baba yake amemurudisha kwao, ju ya ile sifuri. Alisema mutoto mwenye hana akili akalime.”

Nikanyanyuka, nikaleta mkebe. Nikaweka vile vipande mbele yake, juu ya meza, karibu na sahani.

“Mistari ya hii pagne iko paralele ao haiko?”

“Iko.”

“Na hii njia ya mukasi?”

“Sekante.”

“Basi angalia kona ya juu na kona ya chini. Ziko sawa?”

Aliangalia. Akazigusa kwa kidole. Akaziunganisha ncha kwa ncha yeye mwenyewe, bila mimi kumwambia, na akaomba rula. Baadaye akachukua krayo, kalamu ya risasi, na karatasi, akachora sekante ya mshazari kwa mkono. Nikamsikia ananong'ona: hii iko sawa na ile inayopishana nayo, na ile inayopishana nayo iko jirani na hii hapa, na jirani wawili juu ya mstari mmoja wanafanya mia na themanini. Kumbe angeweza kuipata tangu mwanzo, na ukurasa au bila ukurasa. Kwa dakika moja niliona furaha usoni mwake, furaha kabisa, kama ile ya mkasi. Halafu ikazimika.

“Tangu siku gani unajua?”

“Tangu libaya za chorale.”

Akahesabu. “Wiki tano, Maman Bintu. Kila asubuhi unaniona natoka.”

“Na weye ungenisikiliza? Ule mutoto alikuambia, ulimufanya nini?”

Akarudisha macho kwenye vile vipande. Nilikuwa nimejitetea kwa kumchoma, kama kawaida yangu, na aibu ikanijaa mpaka masikioni. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilificha, na aliyelipa ni mtoto wa watu.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya darasa akasema: kanuni niliyowapa ni ya uongo, mimi ndiye nilikosea, futeni. Akajinunulia adui, maana muzee Apollinaire alimwambia kwamba prof hakosei mbele ya wanafunzi, hata akikosea. Bwana yangu akajibu kwamba jeometri haimjui prof. Watoto arobaini wakafuta. Nafasi ya Larissa ilikuwa wazi.

Jumamosi tukaenda Nyantende, kijijini kwao Larissa, yeye na mimi. Nilijialika mwenyewe. Tulivuka mji mzima kwa miguu, na mahali mji unapoishia kuna barrière, kizuizi cha waasi. Askari mmoja kijana akaivuta ekere kwapani mwa Adalbert.

“Hii ni nini?”

“Ni ya kupima angle, chef. Angle moja tu.”

Yule askari akaigeuzageuza, akaiweka kwenye kona ya meza yake, akaona inakaa sawasawa. Akairudisha, tukapita.

Papa Grégoire, baba yake Larissa, alikuwa anapepeta maharagwe mbele ya nyumba. Alipomwona prof akasimama haraka, akaita kwa sauti kali.

“Larissa! Kuya hapa! Prof amekuya mwenyewe. Umefanya nini tena?”

Msichana akatoka shambani, udongo mpaka magotini, jembe begani. Miaka kumi na nne, mrefu, macho chini. Papa Grégoire alishaanza kutafuta fimbo kwa macho.

“Papa Grégoire,” akasema Adalbert, “mutoto hajafanya kitu. Mimi njo nimekosa. Ile sifuri haikuwa yake, ilikuwa yangu. Nimekuya kumuomba musamaha, na kukuomba umurudishe. Test iko lundi, kesho kutwa.”

Mimi nina umri wangu, sikuwa nimewahi kuona mwalimu akimwomba mtoto msamaha. Papa Grégoire naye hakuwahi. Alileta viti viwili, akasimama tu, hajui aweke mikono wapi.

“Alete kaye yake,” Adalbert akasema.

Larissa akaileta. Alikuwa ameifunika kwa gazeti, safi, kama mtu anayetumaini kurudi. Akaifungua kwenye ukurasa wa adhabu. Pembe za ndani za upande mmoja ziko sawa. Pembe za ndani za upande mmoja ziko sawa. Mara hamsini, kila mstari na namba yake, mwandiko umenyooka, hakuna hata mmoja uliochoka. Uongo ule wote, kwa mkono wa mtoto aliyejua kweli. Machozi yalinitoka, sitaficha.

“Ulijua haiko kweli?”

“Ndiyo, Prof.”

“Ju ya nini haukuniambia?”

“Niliandika mu interro, Prof.”

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Adalbert akainamisha kichwa. Halafu akaweka kaye juu ya magoti, juu ya ile ekere ya mbao, akatoa kalamu yake, akafunua ukurasa mweupe. Akaandika namba moja. Pembe za ndani za upande mmoja, zikiungana, zinafanya 180. Akaandika namba mbili.

“Prof,” akasema Papa Grégoire, “moja inatosha. Mutoto ameelewa.”

“Yeye aliandika ngapi?”

“Hamsini.”

“Basi.”

Tulikaa. Kuku wanapita, jirani mmoja akaja kusalimia akaona profesa anaandika adhabu, akaondoka taratibu. Adalbert hakuharakisha mwandiko. Alipofika ishirini na tano nikanyoosha mkono.

“Leta kalamu.”

“Hii ni punition yangu, Maman Bintu.”

“Yako ni ya kukosa kujua. Mimi nilijua nikanyamaza. Yangu njo mubaya kuliko yako. Leta!”

Akanipa. Mkono wangu umezoea sindano, si kalamu, mistari yangu ilipanda na kushuka, lakini nilifika hamsini, na vidole vilikuwa vinaniuma. Nikamrudishia mtoto kaye yake. Aliipokea kwa mikono miwili, na nilidhani ataifunga aseme asante, kama walivyofundishwa. Hakuifunga. Alipita na kidole chake chenye udongo, mstari kwa mstari, midomo inahesabu. Kidole kikasimama.

“Maman, namba makumi tatu na moja.”

“Iko na nini?”

“Umeandika kumi na munane. Sifuri haiko.”

“Larissa!” baba yake akaruka. “Hiyo ni maneno ya kuambia mukubwa?”

“Umuache aseme,” akasema Adalbert.

Nikaangalia. Kweli, sifuri haikuwepo. Nikachukua kalamu, nikaiandika, na Larissa akainama kuhakikisha. Halafu akafunga kaye, akaiweka kifuani, akamtazama bwana yangu usoni kwa mara ya kwanza.

“Prof, lundi tunaanza saa ngapi?”